Majira

Tulipogawana vitu vya mama
kaka zangu walichukua trekta, saa ya ukutani,
na kitanda cha shaba kilichotuzaa sote.
Mimi nikaomba kopo la vifungo.

Chini ya vifungo vya makoti yaliyorithiwa
kutoka bega hadi bega,
chini ya bizimu na pini zilizoshika kutu,
nikakuta karatasi ya fedha:
vishimo ishirini na kimoja, kila kishimo na siku yake.

Clare, mwaka wa sabini na moja.
Mama ana miaka thelathini na mmoja
na ameshakuwa nyumba ya watu saba:
Colman, Dympna, Fintan, pacha Brid na Ronan,
Senan, kisha Ita aliyetanguliza miguu
akamwacha mama ananing'inia kwa uzi mmoja.

Daktari Hanrahan wa Kilrush alifunga mlango,
akafunga na dirisha, ingawa nje palikuwa na mvua tu.
Sheria ilikataza kuuza kinga ya mimba.
Haikukataza kutibu majira.
Akaandika kwa mwandiko wa kuku:
mgonjwa, majira yake yamevurugika.

Mama akacheka hadi akashika mbavu.
"Daktari, majira yangu hayajakosea hata siku.
Mimi ni saa ya stesheni."
"Kuanzia leo," akasema, "wewe ni saa mbovu."

Mwaka ule Bibi Tubridy wa duka la dawa
alisema hajapata kuona tauni ya namna hii:
mke wa posta, mke wa mwalimu, wote wa njia ya bandarini,
saa zao zimeharibika kwa mpigo.
Akawafungia kwa karatasi ya kahawia
na uso wa mtu anayeuza chumvi.

Padri Lenihan aliuliza kupitia wavu wa maungamo:
"Attracta, Ita anatembea sasa. Mbona kimya?"
Mama naye akauliza:
"Baba, umewahi kuamshwa mara sita usiku mmoja?"
Hakupewa ondoleo.
Alirudi maili nne kwa miguu, kitambaa kichwani kimelowa,
na tangu Jumapili ile akaketi benchi la nyuma.
Hakukomunika. Hakuhama, pia.

Sitampamba. Aliogopa.
Baba mwenyewe alifichwa miezi minne,
na alipojua alinuna, akalala jikoni kando ya moto wa mboji
wiki mbili nzima.
Ya tatu akarudi kitandani, akauliza tu:
"Ya leo umekumbuka?"

Mikono ya mama, ilipopata usiku wake,
haikujua pa kwenda. Ikaenda kwenye hesabu.
Alisoma madaftari ya ushirika wa maziwa kwa taa ya mafuta,
akaziona lita zilizokuwa zikiyeyuka njiani,
zote za wajane, wala si za mwenyekiti.
Akasimama mkutanini na kusema.
Sauti ilimtetemeka. Tarakimu hazikutetemeka.
Mwaka uliofuata barua zikaanza kuja
kwa jina lake, bila "mke wa" mbele yake.

Nimevihesabu vishimo.
Kumi na viwili vitupu, vingine vimejaa.
Alhamisi imemezwa. Ijumaa haijaguswa.
Pembeni, kwa penseli, mwezi na mwaka,
na mimi najua kuhesabu miezi.

Aliponisuka nywele, akivuta sana kama kawaida yake,
alikuwa akisema: wenzako walifika.
Wewe nilikuita.
Nilidhani ni maneno ya kunituliza nisilie.

Sikuweza kuitupa ile karatasi.
Nimeirudisha chini kabisa, nikafunika kopo,
nikalitikisa kidogo sikioni:
Ijumaa yangu inalia humo ndani,
katikati ya vifungo.